Waliosimama Pembeni mwa Picha: Hotuba juu ya Postikadi za Zamani

Hotuba hii ilitolewa Walukuba, Jinja, katika mkusanyiko wetu wa Siku ya Kiswahili Duniani, tarehe 7 Julai. Inawekwa hapa kamili kwa ajili ya ndugu ambao hawakuweza kufika. Kadi zilizopitishwa mkono kwa mkono siku hiyo nimezieleza kwa maneno.

Wazee wetu mliotutangulia, mama zetu, walimu wenzangu, vijana wa Walukuba na wa Masese, na ninyi wageni mliovuka mto kuja kutusikiliza: asalaam aleikum, Bwana asifiwe, kodheyo.

Mwenyekiti alipoitangaza mada yangu wiki iliyopita, kijana mmoja aliuliza kama postikadi ni aina ya vocha ya simu. Watu wakacheka, naye mwenyewe akacheka. Simlaumu hata kidogo. Postikadi ni kipande cha karatasi ngumu, sentimita 9 kwa 14 hivi, chenye picha upande mmoja, na upande wa pili salamu, anwani na stempu. Haina bahasha. Karani wa posta huisoma, mpeleka barua huisoma, na jirani aliyeagizwa kuifikisha huisoma pia, kabla mwenyewe hajaiona. Ya kwanza ilitolewa na posta ya Austria-Hungaria tarehe 1 Oktoba 1869, ikiwa haina picha yoyote, na haikupita miaka 40 kabla ya kila mgeni aliyeshuka melini Entebbe kuona ni kama deni kuwatumia watu wa kwao kadi moja au mbili.

Nimekuja na sanduku la bati, lile ambalo watoto wetu huenda nalo bweni. Ndani yake mna kadi 214. Nyingine nilirithi, nyingine nilipewa, na chache, nakiri mbele ya mke wangu aliyekaa pale, nilizinunua kutoka Ulaya kwa fedha ambayo ingetosha kuezeka choo.

Kadi hizi hazikutengenezwa kwa ajili yetu. Nalisema hilo mapema ili tusidanganyane. Zilitengenezwa ili ofisa wa serikali ya kikoloni amwonyeshe mama yake mahali alipo, ili mmisionari apate mchango wa kujengea kanisa, ili mtalii awe na cha kupeleka kwao. Mpiga picha alilenga maporomoko, alilenga kanisa, alilenga meli, alilenga chifu na kiti chake. Lakini kamera ni mlafi. Ukiielekeza kanisani, itameza na mama anayepita na mzigo wa kuni, itameza mtoto anayejikuna, itameza mbuzi. Mama yule hakuitwa, hakulipwa, hakuulizwa jina, na ndiye ninayemtafuta mimi kila ninapolifungua sanduku hili. Naomba leo tuwatazame waliosimama pembeni.

Nianze na mji wetu. Jinja maana yake nini?

(Ukumbi: Mawe!)

Mawe. Haya, niambieni: mawe yenyewe yako wapi?

Mmenyamaza, na nisingetegemea jibu jingine. Yako chini ya maji. Mahali ambapo ziwa linamimina maji yake na mto Kiyira, ambao dunia inauita Nile, unaanza safari yake, palikuwa na ukingo wa mawe uliokatiza kutoka upande wa Busoga hadi upande wa Buganda, na maji yakiporomoka juu yake kwa kishindo. John Hanning Speke alifika hapo mwezi Julai 1862, akakisia kwamba maji yanaanguka futi 12, kisha akayapa maporomoko hayo jina la bwana mkubwa wa kwao, Ripon, ambaye hakuwahi kutia mguu wake hapa. Bwawa la Owen Falls likajengwa chini kidogo ya hapo, Malkia Elizabeth akalifungua tarehe 29 Aprili 1954, maji yakapanda, mawe yakazama. Hata stempu zinatusimulia habari hiyo: mojawapo ya stempu za mwaka 1935 ina daraja la Jinja na maporomoko yake, stempu ya senti 30 ya ziara ya Malkia ina bwawa.

Mimi nilizaliwa mwaka huo huo wa 1954. Kwa hiyo, tukiwaacha wazee wachache waliokaa mstari wa mbele, sisi sote humu tunaitwa watu wa Jinja na hatujawahi kuiona jinja yenyewe. Tumeiona wapi? Kwenye kadi.

Ninayo hapa moja ya nyeusi na nyeupe. Katikati ni maji, meupe kama pamba, kwa sababu kamera za siku hizo zilikuwa za polepole na kila kinachokwenda mbio kiligeuka ukungu. Mpiga picha alitaka maji. Lakini chukueni kioo cha kukuzia, mtazame upande wa kushoto, chini. Juu ya mwamba wamesimama wanaume 9. Nimewahesabu mara nyingi. Wanane wameshika fimbo ndefu za kuvulia, kila fimbo na mwinamo wake, na wamempa mpiga picha mgongo, maana samaki hawangoji mtu. Wa tisa amegeuka. Ameshikilia kiuno, anamtazama mwenye kamera kama mtu anayetaka kuuliza, "Wewe nawe unataka nini hapa?" Na nyuma ya miguu yake pana kapu lenye kifuniko.

Miaka kadhaa iliyopita nilimpelekea kadi hii mzee mmoja wa Masese, mvuvi tangu utotoni, ambaye sasa ni marehemu. Nilidhani atastaajabia maporomoko. Hakuyatazama kabisa. Aliweka kidole juu ya lile kapu akasema, "Hao wamevua kisinja." Nikamuuliza, mzee umejuaje, nawe humwoni samaki? Akaniambia kwamba kapu la samaki wadogo halifunikwi namna ile. Kisinja ni samaki mwenye nguvu, ukimtupa kapuni bila kifuniko anarudi mtoni. Kisha akaanza kunieleza jinsi samaki walivyokuwa wakiruka kupanda maji, wengine wakigonga mawe na kurudi nyuma, na jinsi kila ukoo wa wavuvi ulivyokuwa na mwamba wake, ambapo mtu mwingine hasimami bila ruhusa. Wale watu tisa hawakusimama ovyo. Kila mmoja alikuwa kwake.

Nilikuwa na kadi ile kwa miaka zaidi ya 40. Nilidhani naijua.

Sasa mtaniuliza: ilipigwa mwaka gani? Hapo ndipo penye aibu yangu. Nilipokuwa na umri wa miaka 12 shuleni palizuka homa ya kukusanya stempu. Tulizitafuta kila mahali, na kila barua iliyoingia nyumbani tuliivamia. Kadi hii aliileta marehemu baba, ambaye alipewa na msimamizi wake kiwandani, ikiwa tayari ya zamani wakati huo. Nami, mtoto mwerevu, nikachukua karai, nikatia maji ya vuguvugu, nikailaza kadi humo uso juu mpaka stempu ikabanduka. Stempu ikatoka, na nusu ya muhuri wa posta ikatoka nayo, na ule wino wa salamu ukageuka wingu la buluu. Kikabaki kipande cha mwezi: herufi tatu za mwisho. Stempu yenyewe niliibadilisha kwa nyingine ya twiga. Kwa hiyo mkinisikia nikiwakaripia wajukuu kwa kuchezea vitu vya kale, jueni kwamba mwenye kukaripia ndiye aliyeua tarehe kwa mikono yake mwenyewe.

Tarehe ya kadi, ndugu zangu, si moja. Kuna siku picha ilipopigwa, kuna siku kadi ilipochapwa, na kuna siku ilipotumwa, na baina ya hizo panaweza kupita miaka 20. Duka lililonunua kadi 1,000 mwaka huu halizitupi mwakani kwa sababu kanisa lililomo limeungua. Nalisema la kanisa kuungua kwa makusudi. Ninayo kadi ya Namirembe ambayo muhuri wake ni wa mwaka 1913, na juu ya kilima panaonekana kanisa kubwa la matofali lenye paa la nyasi. Kanisa lile lilikamilika mwaka 1904, na radi ililipiga likateketea mwezi Septemba 1910. Lile linaloonekana leo, lenye kuba, liliwekwa wakfu mwaka 1919. Yule aliyeandika salamu zake mwaka 1913 alimtumia dada yake picha ya kanisa lililokuwa majivu. Ukitaka kujua picha ni ya lini, kwa hiyo, usianze na muhuri. Tazama paa. Tazama kama kuna nguzo za simu. Tazama nyuma: Uingereza iliruhusu salamu na anwani zikae upande mmoja mwaka 1902, mstari ukapita katikati, na kabla ya hapo upande wote wa nyuma ulikuwa wa anwani tu, mwandishi akajibana kuandika salamu zake kandokando ya picha, hata juu ya mbingu.

Na pembeni mwa kadi ile ya Namirembe kuna nini? Njia inapanda kilima, pana na imefagiwa, na upande wa kulia pana ua wa matete uliosukwa kwa ufundi ambao siku hizi unaonekana mahali pachache. Nyuma ya ua huo, kichwa. Kichwa tu, cha mtu anayechungulia. Sijui niseme nini zaidi juu yake, ila kwamba nampenda kuliko kanisa.

Nigusie rangi. Wengi mnapenda kadi za rangi, na ni nzuri, lakini kadi za rangi za zamani zile zinasema uongo. Picha ilipigwa nyeusi na nyeupe hapa Uganda, ikasafiri hadi viwanda vya Ulaya, na kabla ya vita vya mwaka 1914 kazi hiyo nyingi ilifanyika Ujerumani, ambako mtu aliyeketi mezani na brashi yake aliambiwa kuipaka rangi nchi ambayo hajaiona. Alifanya nini? Alifanya alivyoweza. Ziwa alilipaka zambarau. Udongo wetu mwekundu aliupaka rangi ya mchanga. Ninayo kadi ya mama aliyeketi mbele ya nyumba akimenya ndizi, amejifunga vazi la kijani kibichi kama jani la mgomba. Niliionyesha kwa bibi mmoja wa Masaka ambaye kwao walikuwa watengenezaji wa lubugo, lile vazi la gamba la mti wa mutuba. Akaitazama mara moja tu. "Mwanangu," akasema, "huyu amevaa lubugo, tazama mkunjo wa kifuani; nguo ya pamba haisimami hivyo. Na tangu lini lubugo likawa kijani?" Rangi ya lubugo ni ya udongo uliochomwa, yenye wekundu ndani yake. Kwa hiyo mchoraji alikosea rangi, lakini mkunjo hakuweza kuufuta, na mkunjo ndio uliotoa ushahidi. UNESCO imeutangaza tangu mwaka 2005 ufundi wa lubugo kuwa urithi wa wanadamu wote. Bibi yangu wa Masaka hakuhitaji kutangaziwa.

Mnanifuata? Basi nendeni nami ziwani, lakini hapa tutembee polepole.

Kuna kadi za pwani ya ziwa ambazo kila mtu akiziona husema, "Lo, pazuri, pametulia!" Maji, mchanga, miti mikubwa, hakuna hata mtumbwi. Mimi nilikuwa nasema hivyo hivyo. Mpaka siku moja nikajiuliza: pwani ya ziwa, yenye samaki, yenye udongo mzuri, imekosaje watu? Nani aliyewahi kuona ufuo wa Busoga usio na mtumbwi?

Jibu ni malale, ugonjwa wa usingizi, ule ambao Waganda waliuita mongota. Ulianza kuvuma mwanzoni mwa karne ya 20, ukiambukizwa na mbung'o wa vichakani kando ya maji, na ndani ya miaka michache uliua watu zaidi ya 200,000 kuzunguka ziwa, na Busoga ya kusini ikiwa miongoni mwa zilizoumia zaidi. Kuanzia mwaka 1906 gavana Hesketh Bell aliamuru watu wahamishwe kutoka ukanda wa maili mbili kando ya ziwa. Baadaye na visiwa vikahamwa. Watu waliacha mashamba, wakaacha mitumbwi, wakaacha makaburi. Kisha akaja mpiga picha, akaona utulivu, akapiga.

Kadi kama hiyo mtaisoma vipi? Pembeni hakuna mtu wa kumtafuta. Lakini nilipoikuza moja kwa kioo, niliona nyuma ya miti mistari iliyonyooka, kijani kizito juu ya kijani chepesi. Migomba. Migomba haijipangi mistari yenyewe. Lilikuwa shamba, na lilikuwa limeanza kuvamiwa na msitu. Maelezo yaliyochapwa chini yake yanasema tu kwamba ni mandhari ya ziwa.

(Hapa mama mmoja aliinuka akasema kwamba ukoo wao ulihamishwa kutoka pwani wakati huo na kwamba nyanya yake aliendelea kupataja mahali hapo kwa jina mpaka alipofariki. Nilimwomba alitaje jina hilo, akalitaja, na katibu akaliandika.)

Ahsante sana, mama. Tutarudi kwako.

Niseme neno juu ya maelezo hayo yanayochapwa chini ya kadi, kwa sababu ndiyo yanayonikera kuliko yote. Kanisa lina jina. Meli ina jina. Mlima, hoteli, hata mti fulani mkubwa utaandikiwa jina. Watu wao ni "wenyeji". Wenyeji wakicheza ngoma, wenyeji wakibeba pamba, aina ya mwanamke wa nchi hii. Mapadre Weupe, waliofika Buganda mwaka 1879, walitoa kadi nyingi sana kwa mfululizo, zenye maelezo ya Kifaransa, ili waumini wa Ulaya wachangie misheni, na lazima tuwashukuru kwa kuwa bila wao tusingekuwa na picha za mafundi seremala, za wanafunzi, za akina mama wakisuka mikeka. Lakini seremala aliyeinama juu ya randa yake alikuwa na jina la ubatizo ambalo padre mwenyewe alimpa! Alilijua. Hakuliandika, kwa sababu mnunuzi wa kadi hakulihitaji.

Upande wa pili walikuwako wapiga picha wa mjini, na hapa tusiwasahau Wagoa, watu wenye asili ya Goa huko India. Alfred Lobo, aliyefanya kazi Uganda mwanzoni mwa karne ya 20, jina lake linaonekana kwenye kadi nyingi za wakati huo. Hao waliishi hapa, walikuwa na wateja wa hapa, na mara nyingi macho yao yalikuwa karibu zaidi na mtaa. Katika kadi moja ya chifu akiwa na watu wake, chifu ameketi, wazee wamepangwa, kila mmoja amevaa kanzu nyeupe. Kwa mtazamaji wa Ulaya hilo lilikuwa vazi la Kiganda la tangu na tangu. Sisi wa Kiswahili tunajua lilivyofika: lilikuja na misafara ya wafanyabiashara kutoka pwani, ambao wa kwanza anayetajwa, Ahmed bin Ibrahim, alifika kwa Kabaka Suuna mwaka 1844. Na kanzu haikuja peke yake. Ilikuja na lugha hii tunayoisherehekea leo, ambayo wengine wanatuambia ililetwa Uganda na askari peke yao. Ilikuja imevaliwa mwilini, imekunjwa begani, imeuzwa kwa pembe.

Nisipotaja debe nitakuwa nimewadhulumu akina mama. Katika kadi zangu 214 nimeliona debe mara 31. Reli kutoka Mombasa ilifika Kisumu, wakati huo Port Florence, mwezi Desemba 1901, na kutoka hapo mizigo ikavushwa kwa meli hadi Entebbe, Port Bell na Jinja. Mafuta ya taa yalikuja ndani ya mabati ya mraba ya galoni 4, lita 18. Mafuta yakaisha, bati likabaki, na hapo ndipo maisha yake yalipoanza. Katika kadi ya soko mpiga picha amelenga milima ya matoke, lakini kona ya chini kulia amechuchumaa mama na debe lake: kipande cha mti kimepigiliwa misumari kutoka ukingo hadi ukingo kiwe mshikio, na tumboni pana kiraka cha risasi kilichochomelewa, cha mviringo, kama kovu la ndui. Mtu aliona bati lile lina thamani ya kumpelekea fundi alitie kiraka. Nyuma ya mama huyo, paa la kibanda limeezekwa kwa madebe yaliyopasuliwa na kunyooshwa. Leo ukienda sokoni kuuliza bei ya mahindi au wimbi, bado unatajiwa kwa debe, na anayekupimia huenda anatumia ndoo ya plastiki.

Nimesema mengi juu ya uso wa kadi. Nigeuze nyuma.

Kadi nyingi za wageni zinasema mambo matatu: joto, mbu, na lini watarudi kwao. Haraka nazipita. Lakini zimo kadi tulizotumiana sisi kwa sisi, na hizo ni dhahabu. Marehemu baba yangu mdogo alikuwa fundi wa reli huko Nakuru, na mwaka 1963 alimtumia baba kadi hapa Walukuba. Mnajua barua ya Kiswahili inavyoanza. "Ama baada ya salamu nyingi sana zisizo na idadi kama mchanga wa bahari, ukitaka kujua hali yangu mimi huku ni mzima wa afya, hofu na mashaka ni juu yako wewe na wote waliomo nyumbani..." Sasa chukueni adabu hiyo muitie ndani ya nusu ya kadi! Salamu zilimaliza nafasi yote. Habari yenyewe, aliyokusudia kuiandika, imebanwa kwenye ukingo, wima, kwa herufi kama siafu: "Yule mgeni amefika salama, ana kilo tatu." Mpeleka barua alisoma, jirani alisoma, wote wakafikiri ni mzigo wa reli. Ilikuwa ni binti yake wa kwanza. Hakutaka mtu mwingine aipate habari kabla ya kaka yake.

Binti huyo ni nyanya sasa. Nilimtumia picha ya kadi hiyo kwa simu, akanipigia, na kwa muda mrefu hakuna aliyesema kitu.

Na picha iliyokuwa upande wa mbele? Barabara ya mjini, maduka, baiskeli. Kadi za namna hiyo za Jinja yetu zipo pia. Tazameni Main Street katika kadi ya miaka ya 1960: vibao vya fundi cherehani, muuza vitambaa, muuza saa, na studio ya picha yenye pazia dirishani. Mwezi Agosti 1972 Idi Amin aliwapa Wahindi siku 90 waondoke. Majengo yamebaki, mengine yana mwaka wa kujengwa umechongwa juu kabisa, nanyi mnapita chini yake kila siku. Vibao vilishushwa. Nilikuwa na miaka 18 nikaona mbele ya studio moja marundo ya picha yametupwa barazani, watu wakichagua. Wengine walichukua fremu wakaacha picha. Mama yangu alichukua kadi 12 akapamba ukuta wa sebule, akazibandika kwa uji wa muhogo. Zilikaa pale miaka 20. Nilipojaribu kuzibandua, nyuso zilitoka na migongo ikabaki ukutani, na jambo lolote lililokuwa limeandikwa nyuma yake sasa limo ndani ya nyumba ya watu wengine, chini ya rangi.

Wako wanaoifanya kazi hii kwa upana kuliko mimi. Tangu mwaka 2011 Andrea Stultiens na Rumanzi Canon wamekuwa wakikusanya na kunakili picha za kale kwa mradi wao wa History in Progress Uganda, wakizirudisha mahali ambapo watu wa hapa wanaweza kuzitazama na kuzisemea. Vijana, utafuteni mradi huo kwenye simu zenu jioni hii badala ya mpira. Mpira utarudiwa.

Lakini kuna kitu ambacho hakuna mradi utakaotufanyia. Nani mwingine angejua lile kapu? Nani angejua mkunjo wa lubugo? Nani angetaja jina la kijiji kilichohamwa, kama mama alivyolitaja sasa hivi? Maneno hayo hayamo kwenye kadi. Yamo vichwani mwenu, wazee wangu wa mstari wa mbele, na yule mzee wa Masese nilimwendea mara moja tu. Nilikusudia kurudi na kadi nyingine nne. Nilichelewa kwa mvua za wiki mbili.

Kwa hiyo tumeweka meza tatu kule nyuma, chini ya dirisha, ambapo kuna mwanga. Kadi zimo ndani ya mifuko ya plastiki. Naomba msizitoe, na chai ibaki mezani kwake. Kwa kila kadi pana karatasi tupu, na penseli. Penseli, si kalamu ya wino. Nimekwisha kuwasimulia kuhusu karai. Kila mzee ataketi na kijana mmoja: mzee aseme, kijana aandike, kwa Kiswahili, kwa Lusoga, kwa Kijaluo, kwa lugha yoyote itakayokuja kwanza. Kama humjui mtu, lakini unajua kikapu, andika kikapu. Kama unajua tu kwamba miti ile ilikatwa, andika miti.

Mama wa pwani, tafadhali wewe uanze nasi meza ya kwanza. Ile kadi ya ziwa nimeiweka juu.